Kitabu cha "maandiko yaliyofichwa": nyota tatu na nusu, na nyingi ni za watu wa kale wenyewe, mchapishaji asijisifu

Nianze na kava maana kava ndo iliyoniingiza mkenge. Nyeusi, maandishi ya dhahabu, mshumaa umechorwa unayeyuka, na chini wameandika kwamba humu ndani kuna vitabu ambavyo Kanisa halikutaka uvione. Nikasema leo ndo leo. Kurasa zaidi ya mia sita, Kiingereza, mkusanyiko wa maandiko ya Wakristo wa mwanzo ambayo hayamo kwenye Biblia. Waliokichapa siwataji maana nina malalamiko yao na sitaki maneno. Nimekisoma miezi mitatu, usiku usiku, vingine nimevirudia mara mbili na kimoja nimekiacha katikati bila aibu yoyote.

Kwanza hiyo stori ya kufichwa. Nyuma ya kava wanakwambia mtaguso wa Nisea, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, ndo ulikaa ukachagua vitabu, vingine vikatupwa. Jamani. Nisea ni mwaka 325, walikaa kubishana na mafundisho ya Ario kuhusu Mwana na Baba, wakapanga na tarehe ya Pasaka, orodha ya vitabu vya Biblia haikuwa ajenda yao. Orodha ya kwanza tunayoijua yenye vitabu 27 vilevile vya Agano Jipya tulilonalo leo ni ya askofu Athanasi wa Aleksandria, kwenye barua yake ya Pasaka ya mwaka 367, na sasa sikia hii, barua hiyohiyo inasema kuna vitabu vingine ambavyo havimo kwenye orodha lakini ni vizuri wasomewe watu wanaoanza kujifunza imani, akataja Didake na Mchungaji wa Herma. Yaani anayefunga mlango ndo huyohuyo anakwambia dirishani kuna kitu kizuri pitia. Sasa huyo ni mfichaji gani? Na ukienda kwenye Codex Sinaiticus, Biblia ya Kigiriki ya mkono ya karne ya 4, mwisho kabisa baada ya Ufunuo unakuta Waraka wa Barnaba na Mchungaji wa Herma vimeandikwa humohumo na waandishi walewale. Codex Alexandrinus ya karne ya 5 nayo inabeba nyaraka mbili za Klementi. Havikuwa chini ya godoro la mtu.

(Na kabla hujaniuliza, hapa siongelei Tobiti, Yudithi, Makabayo na wenzao. Hivyo ni deuterokanoni, Wakatoliki na Waorthodoksi wanavyo kwenye Biblia zao. Mjomba wangu tulibishana dakika arobaini kumbe kila mtu anaongelea rafu yake.)

Haya tuingie ndani. Kama utasoma kimoja tu basi soma Didake, Mafundisho ya Mitume Kumi na Wawili. Sura 16 fupi fupi, nusu saa umemaliza. Wataalamu wengi wanaiweka mwishoni mwa karne ya 1 au mwanzoni mwa ya 2, ilipotea kwa karne nyingi hadi mwaka 1873 askofu mmoja Mgiriki, Philotheos Bryennios, alipoikuta maktabani Konstantinopoli ndani ya kitabu kilichonakiliwa mwaka 1056. Haina siri yoyote. Ni kama mwongozo ulioandikwa na mtu aliyechoka kuulizwa maswali yaleyale kila wiki. Ubatizo: tumia maji yanayotiririka, kama hayapo tumia mengine, kama ya baridi hayawezekani tumia ya moto, kama yote ni machache mimina kichwani mara tatu. Kufunga: Jumatano na Ijumaa, msifunge Jumatatu na Alhamisi kama wanafiki. Baba Yetu mara tatu kwa siku. Unajua kabisa kuna mtu alikuja akauliza "sasa mzee kama hakuna mto?" ndo ikaandikwa.

Halafu unafika sura ya 11 na 12, hapo nilicheka peke yangu. Mtume akija mpokeeni kama Bwana, lakini asikae zaidi ya siku moja, ikibidi ya pili, akikaa siku tatu huyo ni nabii wa uongo. Akiondoka asichukue chochote ila mkate wa kumfikisha atakapolala, akiomba hela huyo ni nabii wa uongo. Nabii akiagiza kwa roho meza iandaliwe, asile chakula cha meza hiyo, akila basi naye ni wa uongo. Akisema kwa roho "nipeni fedha" msimsikilize, ila akisema toeni kwa ajili ya wengine wenye shida, hapo mtu asimhukumu. Na msafiri wa kawaida naye asaidiwe, lakini asizidishe siku mbili, au tatu kama lazima, akitaka kubaki na ana ufundi wake, afanye kazi ale. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe! Nimeikuta kwenye maandishi ya Kigiriki yenye karibu miaka elfu mbili, nikakaa nayo dakika kadhaa nimefunga kitabu na kidole kiko katikati ya kurasa. Hao watu walishapigwa na wajanja wa madhabahuni mapema sana, kabla hata Agano Jipya halijakusanywa likawa kitabu kimoja.

Mchungaji wa Herma ni kirefu, nawaambia ukweli, kirefu jamani. Maono 5, amri 12, mifano 10, na mifano mingine inajirudia mpaka unahisi umesahau kufunua ukurasa. Lakini mwanzo wake ni moto. Herma alikuwa mtumwa, aliuzwa Roma kwa mwanamke anaitwa Roda. Miaka ikapita, siku moja akamkuta Roda anaoga mto Tiber, akampa mkono akamtoa majini, akawaza moyoni tu kwamba ningekuwa na bahati kama ningepata mke mzuri na mwenye tabia kama huyu. Basi. Hakusema neno. Siku nyingine anatembea mbingu zinafunguka, Roda huyo juu anamwambia nimeletwa huku nikushitaki dhambi zako. Herma anajitetea kama kaka yeyote, nimekukosea lini, niliwahi kukutamkia neno baya? Na Roda anacheka. Anacheka! Baadae anakuja bibi mzee amekaa kwenye kiti cheupe na kitabu mkononi, kila maono yakija amezidi kuwa kijana, kumbe ni Kanisa, alikuwa mzee kwa sababu roho za waumini zilikuwa zimechoka. Kuna mfano mmoja wa tajiri na maskini pia umenikaa, mti mkubwa usiozaa na mzabibu, mzabibu ukitambaa chini matunda yanaoza, ukipanda juu ya ule mti unazaa sana, na mti nao unahesabiwa umezaa. Zile amri 12 katikati unaweza kupita haraka, mimi nilipita na sijadhurika.

Waraka wa kwanza wa Klementi ni barua kutoka kanisa la Roma kwenda Korintho, vijana walikuwa wamewapindua wazee, ni ndefu na ya kistaarabu, inaleta mpaka habari ya feniksi, ndege wa hadithi anayeishi miaka 500 akafa akazaliwa upya, kama ushahidi wa ufufuko. Waraka wa Barnaba una mahesabu, watumishi 318 wa Abrahamu anageuza kuwa herufi za Kigiriki, maana zamani herufi ndo zilikuwa namba, kumi na nane ni mwanzo wa jina Yesu na mia tatu ni herufi T, yaani msalaba. Kisha anakwambia usile fisi kwa sababu fisi kila mwaka anabadilika, mara dume mara jike. Yaani yale tunayosimuliana sisi kuhusu fisi na huyu mtu naye alikuwa nayo.

Hapa sasa ndo malalamiko makubwa. Mchapishaji ameweka Waraka wa Barnaba, sawa, halafu mbele kidogo akachomeka "Injili ya Barnaba" bila maelezo hata mstari mmoja, kana kwamba ni ndugu. Hivi ni vitu viwili tofauti kama mbingu na ardhi. Wale wa mihadhara ya dini mnaijua hiyo Injili ya Barnaba, inanukuliwa sana, lakini nakala yake ya Kiitaliano iliyopo Vienna ni ya mwishoni mwa Zama za Kati au baada ya hapo, na ndani Yesu anapanda chombo kwenda Nazareti na mabaharia wanashuka wanaeneza habari mjini. Nazareti iko vilimani, haina bandari. Wewe soma kama unataka, kuijua sio vibaya, ila kuiweka ndani ya kitabu kinachosema "maandiko ya Wakristo wa mwanzo" ni kumuuzia mtu mbuzi kwenye gunia. Nyota nusu imeondoka hapo.

Turudi kwenye raha. Injili ya Utoto ya Tomaso ni ya kumpa mtu anayefikiri maandiko ya kale yanachosha. Yesu ana miaka mitano, siku ya sabato anachezea tope mtoni, anafinyanga shomoro 12, wanamsemea kwa Yosefu, Yosefu anakuja kugomba, mtoto anapiga makofi, shomoro wanaruka wanalia. Wanaosoma Kurani tayari wanamjua ndege wa udongo, yumo Al Imran na Al Maida, kule Isa anapuliza, huku anapiga makofi. Mpaka hapo ni tamu. Halafu mtoto mwenzake anapita mbio anamgonga bega, Yesu anatamka neno, mtoto anaanguka amekufa. Mwingine aliyemwaga vidimbwi vyake ananyauka kama mti. Wazazi wanamwendea Yosefu kwamba mwenye mtoto kama huyu huwezi kukaa kijijini na sisi, umfundishe kubariki sio kulaani. Yosefu anamvuta sikio. Mwalimu anaanza kumfundisha alfa, herufi ya kwanza ya Kigiriki, mtoto anamjibu wewe mwenyewe alfa huijui ilivyo utafundishaje beta. Baadae mtoto anaitwa Zeno anadondoka darini anakufa, watu wanamsingizia Yesu kamsukuma, Yesu anamfufua ili ajibu mwenyewe, Zeno anasema hapana Bwana hukunisukuma. Nilikuwa nasoma nimeziba mdomo. Hapo ndo nilielewa kwa nini Luka anakupa tukio moja tu la utotoni, la miaka kumi na mbili hekaluni, halafu ananyamaza.

Injili ya Yakobo sasa, hii ya kuzaliwa Maria, hata kama hujawahi kuisikia umeshaimeza nusu. Yoakimu na Ana wazazi wa Maria wametoka humu, Injili nne haziwataji. Yosefu mzee mjane mwenye watoto wakubwa, humu. Kuzaliwa pangoni, humu. Kwa hiyo mtu akikwambia haya ni maandiko yaliyozimwa mwambie aangalie picha takatifu za ukutani. Ila kitu kilichonifanya nirudie mara tatu ni sura ya 18. Yosefu amemwacha Maria pangoni anatafuta mkunga, na ghafla simulizi inageuka anasema mwenyewe: nilikuwa natembea na sikuwa natembea. Anatazama juu, ndege wamesimama angani. Anatazama chini, kuna bakuli na vibarua wameizunguka mikono imo bakulini, wanaotafuna hawatafuni, wanaoinua tonge hawainui, wanaopeleka mdomoni hawapeleki, nyuso zote zimetazama juu. Kondoo wanaswagwa na hawaendi, mchungaji ameinua fimbo awapige mkono umebaki juu. Mbuzi wadogo midomo iko kwenye maji na hawanywi. Kisha kufumba na kufumbua kila kitu kinaendelea. Mwandishi hajakwambia mtoto amezaliwa. Sijui huyu mtu alikuwa nani, karne ya 2 huko, ila mkono wake ulikuwa na kitu, na sinema zenye mbwembwe zote zile sijaona iliyofanya hivyo.

Injili ya Tomaso (ni nyingine, msichanganye na ile ya utoto) ndo maarufu kuliko zote, ndo imejaa kwenye klipu za YouTube zenye muziki wa kutisha. Misemo 114, hakuna stori, hakuna msalaba, Yesu alisema, Yesu alisema. Ilipatikana kamili kwa Kikopti, lugha ya Wakristo wa kale wa Misri, mwaka 1945 karibu na Nag Hammadi huko Misri, pamoja na vitabu vingine, juzuu 13 kwa ujumla, ingawa vipande vyake vya Kigiriki vilikuwa vimeshatoka Oxyrhynchus, hukohuko Misri, na kuchapwa tangu 1897, hakuna aliyejua tu ni vya nini. Karibu nusu utasema nilishasoma hii kwa Mathayo. Nyingine huelewi unaelekezwa wapi, na ule wa 114 kuhusu Maria kufanywa mwanaume umeniacha na kichwa kizito, sitajifanya nimeuelewa. Ila msemo wa 97! Ufalme ni kama mwanamke aliyebeba mtungi umejaa unga, anatembea njia ndefu, mpini umevunjika, unga unamwagika nyuma yake njiani, yeye hajui, hajaona tatizo lolote, anafika nyumbani anatua mtungi, anakuta mtupu. Mwisho. Hakuna maelezo. Wiki nzima nilikuwa nikibeba kitu nageuka nyuma. Na ule wa 42 ni maneno mawili matatu tu, muwe wapita njia.

Kwenye Matendo (sio yale ya kwenye Biblia) ndo kuna sinema. Kwenye Matendo ya Paulo na Tekla, Tekla wa Ikonio amechumbiwa, anamsikia Paulo anahubiri nyumba ya jirani, anakaa dirishani siku tatu haondoki, mama yake analalamika kwamba binti amenata dirishani kama buibui. Paulo mwenyewe anaelezwa mfupi, upara, matege, nyusi zimekutana, pua imejikunja kidogo, uso umejaa neema. Tekla anatupwa kwa wanyama, anajirusha kwenye bwawa anajibatiza mwenyewe. Tertuliano, mwandishi Mkristo wa kale, aliikasirikia hii, alisema aliyeiandika ni mzee wa kanisa huko Asia, alikiri kwamba alifanya kwa kumpenda Paulo, akavuliwa cheo. Mimi yule mzee nimemhurumia.

Na Matendo ya Yohane, jamani kunguni. Mtume analala kwenye nyumba ya wageni tupu, wenzake kitanda wamempa yeye. Kunguni wanamsumbua usiku, anawaambia nawaombeni muwe na adabu, mhame usiku huu mkae mbali na watumishi wa Mungu. Wenzake wanacheka chinichini. Asubuhi wanakuta kunguni wamejipanga mlangoni wametulia. Yohane anaamka anawaambia kwa kuwa mmesikia, rudini kwenu. Wanarudi mbio kitandani wanapotelea kwenye maungio. Mwingine angewaangamiza, huyu amewarudishia nyumba yao.

Injili ya Petro ni kipande tu, ilikutwa Akhmim huko Misri kwenye kaburi la mtawa, msalaba unatoka kaburini unatembea na unajibu swali. Askofu Serapioni wa Antiokia mwanzoni aliruhusu watu waisome, akaja kuisoma mwenyewe akabadili mawazo, na hapo nikamwelewa. Ufunuo wa Petro ni ziara ya motoni, wenye kukufuru wametundikwa kwa ndimi, na wakopeshaji waliodai riba juu ya riba wamesimama kwenye ziwa la usaha, damu na matope yanayochemka mpaka magotini. Waliowahi kukopa kwa simu wataisoma kwa moyo mmoja. Injili ya Yuda, ile iliyopigiwa kelele dunia nzima mwaka 2006, ndo hiyo niliyoiacha katikati. Malaika wengi, majina mengi, mbingu juu ya mbingu, askofu Ireneo aliitaja tangu karne ya 2 na hakuipenda, kwa mara ya kwanza nikajikuta niko upande wa Ireneo.

Sasa kitabu chenyewe kama bidhaa. Tafsiri ni Kiingereza cha babu, ile ya thee na thou, nadhani wamechukua za zamani zisizo na hakimiliki wakaziunga. Namba za sura zipo, za mistari wameondoa kwenye vitabu vingi, kwa hiyo mtu akikutajia Herma sehemu fulani utatafuta hadi asubuhi. Utangulizi wa kila kitabu ni aya moja na nyingi zinarudia "kiliandikwa zamani". Mpangilio hauna kichwa wala mkia, barua iko katikati ya injili mbili. Gundi ya mgongo imeachia kurasa za Ufunuo wa Petro, nimezibana na kibanio. Herufi ni kubwa, hapo nawapa shukrani, na karatasi haipitishi mwanga.

Ukiwa na haraka, usiinunue ya kava ya mshumaa, tafuta yenye utangulizi wa maana na namba za mistari, hata nyembamba. Anza na Didake, uruke uende Injili ya Yakobo, kisha Tomaso wa misemo, kisha kunguni. Herma mwachie likizo. Na uwe na Injili nne karibu, unafungua huku unafungua kule, mimi sijawahi kumsoma Marko kwa makini kama miezi hii mitatu.

Cha kwangu kwa sasa hakipo. Mama mkubwa alikuja akakikuta mezani, yeye ni wa rozari na hapendi vitabu vya ajabu ajabu, kava ikamtisha akauliza haya ni mambo gani, nikamfungulia sehemu ya Ana analia chini ya mti akitazama kiota cha shomoro kwa kukosa mtoto. Akakaa. Akaondoka nacho na kibanio changu. Juzi amenipigia kuuliza kama yule mama wa unga alirudi kuangalia njiani au aliingia tu ndani.